Ulimi wa Mgonjwa na Riziki Yake: Wajibu wa Mwajiri Zinapobadilika Kanuni za Taarifa ya Maradhi

(Mhadhara uliosomwa Bujumbura mbele ya waajiri, wafanyakazi na watumishi wa afya)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo kwa kulisikia tu laweza kudhaniwa kuwa ni la matabibu na makarani wa serikali peke yao, nalo ni wajibu wa mwajiri zinapobadilika kanuni za kutoa taarifa za maradhi ya kuambukiza. Walakini mtu akilitazama kwa makini ataona kwamba lamhusu kila aliyemwajiri mwenzake, awe ni mkurugenzi wa kiwanda chenye mamia ya watu, au fundi mkuu wa gereji ya Buyenzi mwenye vijana watatu anaowafundisha kazi, au mama wa nyumba aliyemchukua binti mmoja wa kumlelea watoto. Wote hawa wameshika riziki ya mtu mwingine, na aliyeshika riziki ya mtu ameshika na ulimi wake pia: akipenda atamfanya aseme anapougua, na asipopenda atamfanya anyamaze. Nia yangu ni kuwabainishieni neno moja, ya kwamba amri yoyote mpya ya kutoa taarifa ya maradhi haitimii kwa waraka wa wizara wala kwa fomu zilizopigwa mihuri, bali hutimia pale mfanyakazi anapoweza kusema kwamba anaumwa pasipo kupoteza ujira wake, kazi yake, wala heshima yake mbele za watu. Na mwenye uwezo wa kulijaalia hilo, kabla ya tabibu na kabla ya serikali, ni mwajiri.

Kutoa habari ya maradhi kabla hayajaenea si bidaa ya zama zetu. Wapokezi wa tarehe za Kiislamu wamesimulia jinsi Sayyidna Umar bin al-Khattab alivyokuwa akielekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh maamiri wa majeshi wakatoka kumlaki na kumpa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akashauriana na masahaba, kisha akageuza safari akarejea Madina. Katika kisa hiki watu huusifu uamuzi wa kiongozi, nao wastahili sifa. Lakini nawaombeni tuwakumbuke na wale waliotoka wakamwambia, kwa maana lau wangenyamaza kwa kuchelea kumkera mkubwa wao, uamuzi ule usingalikuwapo wa kusifiwa.

Ama wajibu wa tajiri wa kazi hasa, huo ni mchanga zaidi. Katika viwanda vya sufi vya mji wa Bradford, huko Uingereza, wafanyakazi waliochambua manyoya ya wanyama yaliyoletwa kutoka nchi za mbali walikuwa wakifa kwa kimeta, maradhi ya mifugo ambayo humwingia mwanadamu kwa pumzi na kwa michubuko ya ngozi. Hata ilipokuja sheria ya viwanda ya mwaka 1895, ikaagiza kwamba kimeta, pamoja na sumu za risasi, fosforasi na aseniki, yatolewe taarifa kwa mkaguzi wa viwanda. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipofanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington mwaka 1919, miongoni mwa mapendekezo yake ya awali kabisa, la tatu kwa hesabu, lilikuwa ni la kuzuia kimeta kwa kuisafisha sufi yenye vijidudu. Kisha mwezi wa Juni 2025, mjini Geneva, shirika hilo hilo likapitisha Mkataba Nambari 192 juu ya hatari za kibiolojia mahali pa kazi, ambao ni mkataba wa kwanza wa mataifa kulishughulikia jambo hilo kwa ukamilifu wake, ukifuatana na Pendekezo Nambari 209. Kati ya mikutano hiyo miwili imepita miaka 106, na katika muda huo wote kanuni zimekuwa zikigeuka, maradhi yakiongezwa na kuondolewa katika orodha, muda wa kutoa taarifa ukirefushwa na kufupishwa, ilhali shida iliyo chini ya kanuni hizo imebaki ni ile ile: mtu mnyonge anaumwa, na mkubwa wake ndiye wa kwanza kuweza kujua.

Tazameni mfano wa orodha, kwa kuwa unatugusa sisi wa Burundi kuliko watu wengi. Kanuni za afya za mataifa, zile zilizosimamiwa na Shirika la Afya Duniani tangu katikati ya karne iliyopita, hapo mwanzo zilitaja maradhi sita ya kutolewa habari: tauni, kipindupindu, homa ya manjano, ndui, homa ya vipindi, na ile homa kali ya madoa ienezwayo na chawa wa nguo, ambayo madaktari huiita taifasi. Kidogo kidogo orodha ikapunguzwa, hata kufikia mwaka 1981 yakabaki matatu tu, na homa ya chawa haikuwa mojawapo. Yumkini wengi waliona kwamba maradhi yaliyofutwa katika orodha yamefutwa na duniani. Lakini katika miaka ya 1990, vita vilipowafukuza Warundi kwa mamia ya maelfu kutoka katika nyumba zao na kuwasonganisha kambini, bila sabuni wala nguo za kubadilisha, homa hiyo hiyo ilichomoza, kwanza katika gereza la Ngozi mwaka 1995, kisha katika kambi za milimani. Raia wakaiita sutama, na wataalamu wakasema kwamba tangu kwisha Vita vya Pili vya Dunia haukupata kuonekana mlipuko wa taifasi mkubwa kama ule. Dawa yake ilikuwapo, tena rahisi, maana dozi moja ya doksisaiklini yatosha kumponya mgonjwa. Hapa pana somo la kwanza kwa kila mwajiri: kuondolewa kwa maradhi katika orodha ni kazi ya kalamu, na kalamu haimuui chawa wala haisafishi maji.

Kwa kutambua upungufu huo, mataifa yaliandika Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, ambazo zimeacha kutegemea orodha fupi peke yake na kuzitaka serikali zitoe habari ya kila tukio liwezalo kuwa dharura ya afya kwa mataifa, ndani ya saa 24 tangu tukio hilo lilipopimwa na kutambuliwa. Kanuni hizo nazo zikarekebishwa tarehe 1 Juni 2024, na marekebisho yake yakaanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025, yakileta daraja jipya la tahadhari ya juu kabisa kwa janga la dunia nzima. Ni kweli kwamba kanuni hizi husema na serikali, wala hazimtaji mwenye gereji wala mwenye duka. Lakini hebu tuifuate habari katika njia yake: hutoka kwa mgonjwa, ikaenda kwa anayefanya naye kazi au anayemsimamia, ikaenda kwenye kituo cha afya, ikapanda wilaya ya afya, ikafika wizarani, ndipo ikavuka mipaka. Zile saa 24 huanza kuhesabiwa habari ilipokwisha kuwafikia wakubwa na kupimwa. Siku zilizopotea karakanani au sokoni kabla ya hapo hakuna azihesabuye, nazo ndizo siku ambazo maradhi huzitumia kusafiri.

Mji wetu wa Bujumbura umeyaona haya kwa macho yake katika miaka michache tu. Tarehe 31 Machi 2020 walitangazwa wagonjwa wa kwanza wa korona nchini. Na mwisho wa mwezi wa Juni mwaka huo huo, Rais Évariste Ndayishimiye, siku chache baada ya kuapishwa, alitangaza kwamba maradhi hayo ndiyo adui mkubwa wa nchi, na mwezi wa Julai ikaanza hapa mjini kampeni ya kuwapima watu bure. Tarehe 1 Januari 2023 ikatangazwa kwamba kipindupindu kimezuka Bujumbura, katika mji ambao upo ukingoni mwa ziwa lenye maji tele, na ambao hata hivyo una mitaa inayokaa siku kadhaa bila tone la maji mferejini. Tarehe 25 Julai 2024 ikatangazwa mpoksi, ile iliyojulikana zamani kwa jina la ndui ya nyani, kwa wagonjwa watatu wa kwanza waliothibitishwa na maabara. Na kabla mwezi haujatimia, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti maradhi kikatangaza dharura ya bara zima tarehe 13 Agosti, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya mataifa siku iliyofuata. Wagonjwa wakawa maelfu, na Bujumbura ikawa miongoni mwa sehemu zilizoguswa zaidi. Kisha tarehe 5 Septemba 2025 dharura ile ya mataifa ikaondolewa. Mnaona basi jinsi katika muda usiozidi miaka sita mwajiri wa mji huu alivyotakiwa kuzigeuza taratibu zake mara baada ya mara. Na anayengoja mwito wa kila tangazo ndipo aanze kufikiri, daima atakuwa nyuma ya maradhi.

Basi ni nini hasa kimlazimucho mwajiri kanuni zinapogeuka?

Jambo la kwanza ni kujua na kujulisha. Kanuni hugeuka kwa njia tatu: ama maradhi mapya huongezwa katika yale yanayopasa kutolewa habari, ama maradhi ya zamani hupunguziwa daraja, ama njia na muda wa kutoa taarifa hubadilishwa. Mwajiri sharti ajue ni ipi kati ya hizo iliyotokea, na inaanza siku gani, na habari ipelekwe kwa nani. Naye asiye na wakili wala daktari wa kampuni anaweza kuuliza kwenye kituo cha afya cha mtaa wake au kwa mkaguzi wa kazi, na swali hilo halimgharimu kitu. Lakini kujua kwake peke yake hakutoshi. Waraka aghalabu huja kwa Kifaransa, hubandikwa kwenye ubao wa ofisi, na wale wanaobeba magunia, wanaoosha vyombo, wanaosukuma mikokoteni, hawausomi. Wao husema Kirundi na Kiswahili, na wengine hawakupata kuketi darasani. Kuubandika waraka ambao msomaji wake hawezi kuusoma ni kutimiza umbo la wajibu na kuiacha roho yake. Mwajiri mwenye insafu atawakusanya watu wake asubuhi kabla ya kazi, awaambie kwa lugha yao dalili za kuangalia, mtu wa kumwambia, na kitakachomfuata aliyesema. Na hili la tatu ndilo wanalolingojea kulisikia kuliko yote.

Jambo la pili ni kutoa taarifa yenyewe, na hapa pana makosa mawili yatendwayo kwa nia njema. Kosa moja ni la mwajiri anayetaka uhakika kwanza, akasema hawezi kumsumbua mganga mkuu kwa upele wa kijana mmoja au kwa kuhara kwa kibarua mmoja. Mwajiri si tabibu, wala sheria haikumtaka awe tabibu. Kinachotakiwa kwake ni kusema alichokiona, na uhakika ni kazi ya maabara. Nchini Kenya, kanuni za afya ya umma zilizotungwa mwezi wa Aprili 2020 kwa ajili ya korona zilimtaja mwajiri waziwazi, pamoja na mwenye nyumba na mkuu wa kaya, zikamwamuru atoe habari bila kukawia pindi anaposhuku kwamba aliye katika ajira yake ameugua. Neno lililotumika ni kushuku, halikuwa kuthibitisha. Na hekima ya neno hilo huonekana zaidi katika kipindupindu, ambacho mtu aliyekimeza huweza kuanza kuugua kati ya saa chache na siku tano, na akaweza kufa kwa kupungukiwa maji siku ile ile aliyoanza kuharisha, hata mwenye kungoja hakika akaipata makaburini.

Kosa lingine ni kudhani kwamba mlango ni mmoja. Taarifa ya maradhi yaliyopatikana kazini ina milango miwili, na kila mmoja una haki yake. Mlango wa kwanza ni wa afya: kituo cha afya, wilaya, wizara, huko habari hupelekwa ili maradhi yazuiwe yasienee kwa wengine. Mlango wa pili ni wa kazi na hifadhi ya jamii: ukaguzi wa kazi, na ile taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii tuliyozoea kuiita INSS, huko habari hupelekwa ili mfanyakazi aliyeambukizwa kwa sababu ya kazi yake apate matibabu na fidia anayostahili. Muuguzi aliyeambukizwa wodini, mfagiaji aliyeambukizwa akizoa taka za hospitali, hawa si wagonjwa tu. Ni watu walioumizwa na kazi. Mwajiri aliyeujulisha mlango wa afya akausahau mlango wa kazi ameilinda jamii na kumdhulumu mtu wake. Naye aliyefanya kinyume chake amemtunza mmoja akawahatarisha wengi. Kanuni za upande mmoja zinapogeuka, za upande wa pili huenda hazikugeuka, na ndiyo maana yampasa aitazame milango yote miwili kila mara.

Hapo ndipo linapoingia suala la kanuni zinazolegezwa. Dharura ya mataifa ilipoondolewa juu ya mpoksi, wako waliosema kwamba sasa hapana haja tena ya kutoa habari. Huku ni kuchanganya mambo. Tangazo la Shirika la Afya Duniani ni mwito wa mataifa kusaidiana; kuondolewa kwake hakuiondoi amri ya wizara ya nchi, wala hakumwondolei mwajiri dhamana yake ya jumla ya kuwalinda watu walio chini ya mkono wake, dhamana ambayo Kanuni za Kazi za Burundi, zilizotungwa upya tarehe 24 Novemba 2020 mahali pa zile za mwaka 1993, hazikuifungamanisha na jina la maradhi yoyote. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliihesabu haki ya kufanya kazi mahali salama na penye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Na haki ya msingi haina msimu.

Jambo la tatu ni siri. Nimesema mwajiri atoe habari, sikusema atangaze. Kumpasha habari mtumishi wa afya kwa jina la mgonjwa ni amana. Kulitaja jina hilo hilo langoni mwa kiwanda, au kulituma katika kundi la simu la wafanyakazi, ni khiyana. Katika siku za mpoksi upele ulikuwa ukionekana usoni na mikononi, na kwa kuwa maradhi hayo huambukizwa pia kwa kukaribiana kwa miili, palikuwa na ndimi zilizowahukumu wagonjwa kabla ya maabara. Na mtu aliyehukumiwa hivyo hata akipona huona haya kurudi kazini. Nchi yetu haikuanza jana kulijua hili, kwa kuwa sheria ya tarehe 12 Mei 2005 iliwekwa ili kuwalinda watu wenye virusi vya ukimwi wasibaguliwe, na kazini ni mojawapo ya mahali walipohitaji ulinzi huo. Na katika itifaki ya mwaka 2002 iliyoongezwa katika Mkataba Nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, itifaki ihusuyo kuandika na kutoa taarifa za ajali na maradhi ya kazini, yametajwa mambo mawili ambayo ningependa kila mwajiri ayahifadhi moyoni: kwamba habari za afya za mfanyakazi zilizo mikononi mwa mwajiri zitunziwe siri yake, na kwamba mwajiri asimwadhibu wala kumlipizia kisasi mfanyakazi aliyetoa taarifa. Walioitunga itifaki hiyo hawakuyaandika hayo kwa upole tu. Waliyaandika kwa kuwa walijua kwamba taarifa ikifuatwa na adhabu mara moja, haitatolewa mara ya pili.

Jambo la nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni ujira. Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumeitumia kumlaumu mgonjwa kwa vizazi na vizazi. Mimi sipingi hekima yao. Lakini nauliza, ni nani aliyemfunza kuficha? Chukueni mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Bujumbura au mchukuzi wa soko la Ruvumera, alipwaye kwa siku, ambaye asipoonekana alfajiri nafasi yake huchukuliwa na mwingine kabla jua halijapanda. Mtu huyu akiamka na tumbo linamkata, hana la kuchagua kati ya ukweli na uwongo kama tunavyodhania sisi tuliokaa vitini. Anachagua kati ya kunyamaza na watoto wake kulala na njaa. Atakunywa maji, atajifunga kiuno, atakwenda kazini, atatumia choo kile kile na kata ile ile ya maji pamoja na wenzake. Na ikiisha juma moja tutastaajabu ya kwamba maradhi yameenea. Kumwamrisha huyu aseme, bila kumhakikishia ujira wa siku atakazokaa kando, ni kumtaka anunue usalama wetu kwa chakula cha wanawe.

Majirani zetu wametupa ushahidi wa kutosha. Katika mwaka 2020 madereva wa malori, wenzao wa hao wanaotuletea mafuta, saruji na chumvi kwa njia ndefu kutoka Dar es Salaam, walisimamishwa mipakani kwa siku nyingi, katika misafara isiyo na mwisho huko Namanga na Malaba, wakingoja vipimo; na kwa kuwa kila nchi ilikuwa na kanuni yake, aliyepimwa huku hakuaminiwa kule, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga mfumo wa kielektroniki wa kuwafuatilia madereva ili cheti cha nchi moja kikubaliwe na nyingine. Mfumo ule ulikuwa na manufaa, lakini ulimfuata dereva. Haukumgusa tajiri mwenye lori, ambaye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwambia dereva wake kwamba akiugua njiani atalipwa kama aliyefika.

Na katika Rwanda, tarehe 27 Septemba 2024, palipotangazwa homa ya Marburg, wagonjwa waliothibitishwa walifika 66, wakafa 15, na wengi mno kati ya walioambukizwa walikuwa ni wafanyakazi wa hospitali. Hospitali, ndugu zangu, nayo ni mwajiri. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huo huo, chini ya miezi mitatu tangu ulipotangazwa, kwa juhudi iliyostahili sifa. Lakini unatukumbusha kwamba hata mahali palipojaa elimu ya maradhi, anayesimama mbele ya hatari ni mwajiriwa, na kwamba glavu, maji, sabuni na likizo ya ugonjwa ni mambo ya mwajiri kabla hayajawa mambo ya tiba. Mwezi wa Januari 2025 Uganda nayo ikatangaza Ebola, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi aliyekwisha kuzunguka kutafuta tiba mahali kadhaa kabla maradhi yake hayajatambuliwa. Ikiwa muuguzi aliweza kupita hivyo bila kujulikana, mchukuzi wa soko atajulikana na nani?

Najua jibu ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilingoja kulitoa, nalo ni la haki, basi afadhali nilitaje mwenyewe: kwamba mwajiri mkubwa ana mfuko wa kuchota, lakini fundi wa Buyenzi au mwenye mkahawa wa Bwiza, ambaye yeye mwenyewe hula kwa alichopata leo, atawezaje kumlipa mtu asiyefanya kazi? Siwezi kulijibu kwa maneno matamu. Lakini tupambanue. Mgonjwa wa kipindupindu aliyewahi kupewa maji ya chumvichumvi na tiba hupona kwa siku chache tu, na ujira wa siku hizo ni mdogo mno ukilinganishwa na hasara ya kuifunga karakana nzima baada ya watu watano kuanguka. Ama mpoksi, ambayo humtaka mgonjwa akae kando mpaka magamba ya upele yaanguke na ngozi mpya iote, yaani majuma mawili hadi manne, huo ni mzigo ambao mwajiri mdogo hawezi kuubeba peke yake, wala si insafu kumtwika. Hapo ndipo serikali, hifadhi ya jamii, na mifuko ya kusaidiana ambayo mafundi na wachuuzi wetu wanayo tangu zamani, sharti wauinue mzigo pamoja naye. Kila kanuni ya taarifa inayoongezwa bila kusemwa ni nani atakayelipa siku za mgonjwa, hiyo ni nusu ya kanuni. Na watunga kanuni walio hapa nawaomba wasiitoe nusu ile nyingine kwa mdomo tu. Hata hivyo, yule asiyeweza kulipa ujira mzima anaweza kulipa sehemu yake. Na yule asiyeweza hata sehemu, anaweza walau kumhifadhia mtu wake nafasi yake, asimkute mwingine amekaa penye kiti chake siku atakayorudi. Hakuna mwajiri maskini kiasi cha kukosa hata hilo.

Kwa hiyo nawaambieni waajiri wa mji huu, wakubwa na wadogo: msiingoje kanuni ijayo, nayo itakuja. Kesho asubuhi mteueni mtu mmoja miongoni mwa wafanyakazi wenu, anayeaminiwa na wenzake, awe ndiye wa kuambiwa. Andikeni mahali panapoonekana, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, jina la kituo cha afya kilicho karibu na jinsi ya kukifikia. Wekeni maji na sabuni penye choo na penye chakula. Na mbele ya watu wote semeni kwa kinywa chenu kwamba atakayesema anaumwa hatafukuzwa, jina lake halitatangazwa, na siku zake hazitakatwa zote. Kisha, siku mtu wa kwanza atakapowajia na kusema, litimizeni neno lenu, kwa sababu wengine wote watakuwa wakitazama, na kwa mtakalomtendea huyo mmoja ndipo watakapoamua, wao pia, kama watasema au watanyamaza.